Jina kwenye Lebo: Mpiga Kinubi wa Kericho na Wasifu Usioandikika

Katika mwaka 1950 yalitokea mambo mawili ambayo mwanahistoria wa fasihi ya Afrika Mashariki hana mazoea ya kuyaweka katika ukurasa mmoja. Unguja alifariki Siti binti Saad, binti wa Fumba aliyetoka katika uchuuzi wa vyungu akawa sauti iliyojulikana kutoka pwani hadi Bombay, ambako alirekodi santuri zake za kwanza mwaka 1928. Bara, katika kituo kidogo cha Kapkatet, kusini mwa mji wa Kericho kwenye njia ya kwenda Sotik, Mwingereza mmoja aliyeitwa Hugh Tracey alisimamisha gari lake, akaunganisha mashine yake ya kunasa sauti na kuwaomba Wakipsigis waliokusanyika wapige vinubi vyao na waimbe. Siti alipata bahati ambayo waimbaji wachache mno waliwahi kuipata: Shaaban Robert aliandika maisha yake, na kitabu hicho, Wasifu wa Siti binti Saad, kimekuwa kielelezo cha namna Kiswahili kinavyoweza kumtukuza fanani kwa nathari. Wale wa Kapkatet walipata mstari mmoja katika orodha ya santuri.

Makala haya yanauliza swali ambalo kwa juu juu ni la mbinu tu, lakini ndani yake lina haki na dhuluma: je, maisha na kazi ya mpiga ala wa kijijini yaweza kuandikwa kutokana na mstari mmoja? Na kama hayawezi, mhakiki afanye nini na mstari huo?

Yafaa kwanza tukubaliane kuhusu istilahi, kwa sababu Kiswahili chetu kina utajiri unaoweza kutupotosha. Fidla ni ile ya taarabu, iliyoshikwa begani na kupigwa kwa upinde. Zeze ni ndugu yake wa bara, la uzi mmoja au zaidi, na ni miongoni mwa ala alizopiga Hukwe Zawose wa Ugogo, aliyesikika duniani kote hadi kifo chake mwaka 2003. Waluo wana orutu, uzi mmoja na upinde, na kwa kuwa mashamba ya chai ya Kericho yaliwaajiri Waluo, Wakisii na Waluhya kwa maelfu, ala za upinde hazikuwa ngeni katika kambi za wachumaji. Hata hivyo, katika nchi ya Wakipsigis yenyewe, nafasi ambayo mpiga fidla ameishika katika jamii nyingine, yaani yule mtu mmoja aketiye na ala yake penye pombe na kukesha, akisifu, akidhihaki na kutia habari za juzi katika wimbo wa jana, ilishikwa na mpiga kinubi. Ala yenyewe huitwa chepkong au kibukandet: bakuli la mti lililowambwa ngozi, mikono miwili inayosimama, mti wa kukingama juu yake, na nyuzi zinazokazwa kwa kuzungusha vitambaa au ngozi zilizoviringishwa juu ya mti huo. Ni jamaa wa nyatiti ya Waluo, obokano ya Wakisii na litungu ya Waluhya. Basi nisemapo mpiga ala wa Kericho, nina maana ya huyu.

Reli na shamba

Anayetaka kuuelewa ulimwengu wa mpiga kinubi huyu asianzie Kapkatet bali Londiani. Reli ya Uganda ilifika Ziwa Viktoria mwaka 1901, ikipita juu ya milima ya Mau na kuteremka kwa Londiani, Lumbwa (leo Kipkelion), Fort Ternan na Muhoroni. Kwa muda wa miaka ishirini na zaidi Londiani ilikuwa mlango wa nyanda za Uasin Gishu: mizigo ya walowezi ilishushwa hapo na kupakiwa katika magari ya kukokotwa na ng'ombe, ikapandishwa kwa njia ya matope mpaka Eldoret, hadi mwaka 1924 reli mpya kutoka Nakuru ilipofika Eldoret na kuipokonya Londiani cheo chake. Kilichobaki ni stesheni, msitu, vinu vya mbao na mashamba ya walowezi yaliyokuwa yamekatwa kutoka malisho ya Wakipsigis, ambao wengi wao sasa waliishi humo kama maskwota, wakilipa kwa kazi haki ya kuchunga ng'ombe wao wenyewe katika nchi iliyokuwa ya baba zao. Upande wa kusini mambo yalichukua sura nyingine. Makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yaliingia Kericho katikati ya miaka ya 1920, na vilima vikavishwa kijani kimoja kisichokatika. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ikatunga sheria mahususi ya kuwahamisha Talai, ukoo wa waganga na waaguzi waliohofiwa kuwa na uwezo wa kuwaongoza watu, na kuwapeleka Gwassi, kandokando ya ziwa, kwenye joto na mbung'o.

Nayataja haya si kwa ajili ya kupamba mandhari. Mpiga kinubi hutegemea kokwet, yaani ujirani wa nyumba kadhaa wenye baraza lake, kazi zake za pamoja na pombe yake ya wimbi inyweiwayo kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja. Kokwet inapovunjwa ili kupisha shamba la mlowezi, hadhira ya mpiga kinubi nayo huvunjika. Inapoundwa upya kando ya kambi ya chai, huundwa na watu wenye mshahara, wenye majirani wa lugha nyingine, na, muhimu kwa hoja yetu, wenye jirani anayeweza kuwa na gramafoni. Fasihi simulizi ya Kericho ya miaka ya 1940 haikuwa imefungiwa katika chungu cha kale. Hata jina Kalenjin, ambalo leo tunalitumia kana kwamba ni la tangu Adamu, lilienea katika miaka hiyohiyo ya 1940, na masimulizi ya asili yake huwataja wanafunzi wa shule za sekondari na matangazo ya redio ya wakati wa vita, ambamo mtangazaji alizoea kuwaambia wasikilizaji wake "nawaambia". Watu waliojipatia jina kutokana na sauti ya redio hawastahili kushangaliwa wakitunga wimbo kutokana na sauti ya gramafoni.

Mtu wa reli kutoka Mississippi

Sauti hiyo ilikuwa ya Jimmie Rodgers. Huyu alizaliwa mwaka 1897 karibu na Meridian, Mississippi, akafanya kazi ya breki katika treni za kusini mwa Marekani mpaka kifua kikuu, kilichogunduliwa mwaka 1924, kilipomtoa relini. Agosti 1927 alirekodi kwa mara ya kwanza mjini Bristol, Tennessee. Tarehe 26 Mei 1933 alifariki New York, akiwa na umri wa miaka 35, siku chache tu baada ya kurekodi kwa mara ya mwisho. Ndani ya miaka hiyo sita sauti yake, na hasa ule mtindo wake wa kuruka ghafla kutoka sauti ya kifua kwenda sauti nyembamba ya juu na kurudi, ilisafiri kwa santuri hadi kila pembe ya himaya ya Waingereza. Hakukanyaga Afrika. Ni nani aliyeleta santuri zake Kericho? Wapo wasemao wamishenari, wapo wasemao askari wa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kwangu mimi tofauti hiyo ni ndogo. Lolote lililokuja Kericho kutoka ng'ambo katika miaka hiyo lilikuwa limepanda treni kutoka Mombasa, na reli ya milimani ndiyo iliyolishusha. Kuna kichekesho kidogo katika jambo hili, kwamba mtu wa breki wa Mississippi aliwafikia Wakipsigis kwa njia ya reli.

Tazama sasa jinsi maisha ya watu wawili yanavyopimwa kwa mizani tofauti. Kuhusu Rodgers tunajua siku ya kuzaliwa, siku ya kufa, siku aliyoingia studio, na kila wimbo aliorekodi. Kuhusu wapiga vinubi wa Kapkatet tunajua mahali, mwaka, kabila, ala, na majina yaliyoandikwa na mtu asiyejua lugha yao. Si kwamba mmoja aliishi zaidi ya wengine. Karatasi ndiyo iliyoishi zaidi.

Lebo kama matini

Tracey alizaliwa Uingereza mwaka 1903, akaja Rhodesia ya Kusini mwaka 1921 kulima tumbaku, na huko shambani akajifunza nyimbo za Washona kutoka kwa wafanyakazi. Alitumia maisha yake yote yaliyobaki kurekodi muziki wa Afrika, akaanzisha makavazi ya International Library of African Music mwaka 1954, na mfululizo wake wa santuri unaozidi mia mbili ni hazina ambayo hakuna mtafiti wa eneo letu awezaye kuipuuza. Nasema hivi mapema kwa sababu nitakayoyasema baadaye ni ya ukosoaji, na sipendi ukosoaji usiolipa deni lake kwanza. Bila Tracey tusingekuwa na lebo ya kuisoma.

Miongoni mwa nyimbo alizozinasa Kapkatet ni zile zijulikanazo kwa jina la Chemirocha. Jina hilo ni Jimmie Rodgers. Watu wengi wanaolisikia kwa mara ya kwanza hucheka, wakidhani ni kosa la masikio ya wanakijiji. Hebu tulichunguze kama wanafunzi wa lugha. Kikipsigis hakitofautishi maneno kwa ughuna wa vipasuo vyake: sauti iliyo karibu na "j" ya Kiingereza na ile ya "ch" ni mali ya fonimu moja. Hivyo Jimmie huanza na "ch" na Rodgers hupata "ch" katikati yake, kwa kufuata kanuni ileile mara mbili. Kundi la mwisho la Kiingereza lisilotamkika huachwa, neno likafungwa kwa irabu. Kufikia hapo ni fonolojia tupu. Lakini irabu ya kwanza imebadilika kutoka "i" kuwa "e", na mabadiliko haya madogo yanaliingiza jina katika jamii kubwa ya majina ya Kikipsigis yaanzayo kwa Che-, kama vile Chemutai, Chebet na Cherono. Kwa maneno mengine, mgeni hakutamkwa vibaya. Alipewa jina, na aliyepewa jina la kikwao anaweza kuambiwa aje kucheza.

Jambo la pili ambalo lebo inatuambia limesahauliwa na karibu kila aandikaye kuhusu rekodi hii. Chemirocha haikurekodiwa mara moja. Yapo matoleo matatu ya siku hizo za Kapkatet yenye jina hilohilo. Lililopata umaarufu ni la tatu, linalotajwa kwa jina la Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wa Kipsigis. Mengine ni ya wanaume, na miongoni mwa majina yao lipo la Bekyibei arap Mosonick. Ikiwa watu tofauti, wa jinsia tofauti na bila shaka wa marika tofauti, katika mahali pamoja, waliombwa waimbe nao wakaleta nyimbo zao tofauti juu ya mtu huyohuyo, basi hatushughuliki na ndoto ya msichana mmoja. Tunashughulika na mada. Chemirocha ilikuwa mali ya hadhira nzima, kiunzi ambacho kila fanani alikijaza kwa namna yake, kama vile watambaji wa ngano wanavyokijaza kisa kimoja cha Sungura. Wale wa shule ya utendaji katika fasihi simulizi watakumbuka kwamba hiki ndicho kipimo cha kuwepo kwa utanzu: kwamba hauwezi kutajwa kuwa ni wa mtu mmoja, na bado kila mtu anaufanya kuwa wake.

Jambo la tatu limo katika neno dogo "arap". Kwa desturi ya Wakipsigis mwanamume hulipokea jina hilo, lenye maana ya "mwana wa", akiisha kutoka jandoni. Basi kila "arap" wa Kapkatet ni mtu mzima mwenye rika lake, aliyefuzu, mwenye haki ya kuketi penye chungu. Huu ndio mwanzo wa wasifu, hata kama ni mfupi: mwaka 1950 mtu fulani alikuwa ameshatahiriwa, alikuwa na baba aliyejulikana kwa jina fulani, alikuwa na kinubi, na alikuwa ameshasikia habari za Rodgers kiasi cha kutunga juu yake. Afisa wa makavazi huandika "arap Mosonick" kana kwamba ni jina la ukoo la Kizungu. Mkipsigis asomaye huona mkono ulionyooshwa kwa kizazi cha nyuma.

Tahajia nayo ina lake la kusema. Jina la msichana aliyezaliwa alfajiri kwa kawaida huandikwa Chemutai. Je, "Chemutoi" ni jina jingine, lahaja, au ni sikio la mgeni? Nami naona tatizo kubwa zaidi ya tahajia. Katika toleo hili la tatu kuna sauti za wasichana na kuna kinubi. Jina limetajwa moja, kisha kundi. Hatuambiwi ni nani aliyeshika nyuzi. Watu waliposambaza rekodi hii walichukulia kwamba Chemutoi ndiye kiongozi wa sauti, na yawezekana ndivyo. Lakini kinubi katika nchi hii kwa kawaida kilikuwa mikononi mwa wanaume, na ikiwa mwanamume alikuwa amekaa pale pembeni ya wasichana akiwapigia, basi mwanamuziki ambaye makala haya yanamtafuta yupo katika rekodi mashuhuri kuliko zote za Kericho, asikika tangu sekunde ya kwanza, na hana jina.

Nusu mtu, nusu nini?

Maelezo ya Tracey yaliyosafiri pamoja na wimbo ndiyo yaliyoufanya uwe maarufu, na ndiyo yanayonisumbua. Anasema kwamba wasichana humwazia Chemirocha kama mcheza ngoma wa ajabu, nusu mtu na nusu paa, na kwamba wanamwalika acheze nao ile ngoma ya kuruka mpaka nguo zimdondoke. Kutoka hapo hadithi ikakua kwa kurudiwarudiwa: kuna kabila Afrika linalomwabudu mwimbaji wa Marekani kama mungu mwenye kwato. Hadithi hii inapendeza, na kila kipendezacho namna hii chafaa kuulizwa kimependeza kwa nani.

Kiumbe nusu mtu nusu mnyama mwenye miguu ya pembe, mpiga muziki na mpenda wasichana, ni fauno wa Warumi na Pan wa Wagiriki. Tracey hakuhitaji Kapkatet kumjua kiumbe huyu. Alikuwa amelelewa katika utamaduni uliomchora kwenye vitabu na bustani. Basi dhana ya kwanza ya mhakiki ni kwamba kwato ziliingia wimboni kupitia maelezo, si kupitia wimbo. Wasichana walimwita mgeni aje aruke kama vijana wao warukavyo, wakamcheka kwa suruali yake, na msikilizaji aliyekuwa na Pan kichwani akasikia Pan. Kwa muda mrefu niliridhika na dhana hii, nikaifundisha hivyo. Inaridhisha kwa sababu inamweka mkoloni mahali pake.

Sikuridhika tena niliporudi kwa A. C. Hollis. Katika kitabu chake juu ya Wanandi, ndugu wa karibu wa Wakipsigis, kilichochapishwa mwaka 1909, Hollis anaeleza habari za chemosit, zimwi ambalo Wakipsigis nao wanalijua vyema katika ngano zao. Chemosit ni nusu mtu na nusu ndege. Ana mguu mmoja na hutembea kwa kuegemea fimbo kama mkuki. Mdomo wake ni mwekundu na hung'aa usiku kama taa. Na chakula chake, hasa watoto, hukipata kwa njia moja: huimba usiku. Watoto huona mwanga kwa mbali, husikia muziki, hudhani kwamba kuna ngoma, huenda, na hawarudi.

Msomaji na aitazame picha hii kisha aitazame gramafoni ya miaka ya 1940 katika nyumba ya mlowezi au ya mishenari, au kambini mwa askari. Taa ya usiku. Muziki kwa mbali. Sauti ya mtu ambaye mwili wake hauonekani, inayopaa ghafla mahali ambapo koo la mwanamume wa kawaida haliendi. Kijana anayekaribia kuona ni nani anayecheza ngoma. Kama jamii hii ingekuwa na haja ya kumweka Jimmie Rodgers katika rafu ya viumbe waliokwisha kujulikana, rafu ilikuwepo, na haikutoka Rumi. Hata majina yanapokeana: chemosit, Chemirocha. Sidai kwamba jina moja limezaa lingine. Fonolojia niliyoieleza hapo juu inatosha kulitoa Chemirocha kutoka Jimmie Rodgers bila msaada wa zimwi. Nadai tu kwamba sikio lililozoea chemosi lilikuwa tayari kulipokea.

Ikiwa ni hivyo, hoja inageuka kwa namna ambayo mkosoaji wa ukoloni hakuitarajia. Tracey alikosea alipoandika paa na kufikiri fauno, lakini hakukosea aliposikia mchanganyiko wa mtu na mnyama. Kosa lake lilikuwa la kutafsiri kwa haraka, la kuweka kiumbe wa kwao mahali pa kiumbe wa kwetu. Na tofauti baina ya viumbe hao wawili ndiyo inayobeba maana yote ya wimbo. Fauno ni mungu mdogo wa raha. Ukimwita aje kucheza unamwabudu. Chemosi ni zimwi linalowala watoto kwa muziki. Msichana anayemwita aje kucheza mchana kweupe, mbele ya wenzake, mbele ya kinubi, na kumtishia kwamba nguo zitamdondoka, anamdhihaki. Wimbo wa kumwabudu Jimmie Rodgers na wimbo wa kumvua Jimmie Rodgers suruali si wimbo mmoja. Mtu aliyesoma ngano za Kikalenjin katika mkusanyo wa Ciarunji Chesaina wa mwaka 1991 atajua jinsi zimwi linavyozoea kuaibishwa na watoto wenye akili.

Nikumbushe kwamba hii ni tafsiri. Inaegemea kitabu cha 1909 juu ya Wanandi na rekodi ya 1950 ya Wakipsigis, na kati ya miaka hiyo kuna vita viwili, reli, chai na uhamisho. Lakini ina faida moja ambayo ile ya Tracey haina: inawachukulia waimbaji kuwa watu wenye fasihi kabla ya mgeni kufika.

Baada ya 1950

Santuri za Tracey zilikwenda kusini. Makavazi yake yalihamia Chuo Kikuu cha Rhodes, Grahamstown (mji ulioitwa Makhanda tangu 2018), baada ya kifo chake mwaka 1977. Kericho, wakati huohuo, haikungoja kurekodiwa na wageni. Mjini hapo duka na studio ya Chandarana vilitoa santuri nyingi za benga na za lugha za magharibi mwa Kenya, za Kikalenjin zikiwamo, na kizazi kipya kikabadili kinubi kwa gitaa. Raphael Kipchamba arap Tapotuk, aliyefariki mwaka 2007, akawa jina la kwanza litajwalo na Mkalenjin yeyote aulizwapo juu ya muziki wa kwao. Ajabu ni kwamba waliochukua gitaa walifanya walichofanya watu wa Kapkatet: walipokea ala ya Jimmie Rodgers na kuifundisha Kikipsigis. Anayesikiliza vidole vya wapiga gitaa hao vikirudiarudia kifungu kifupi chini ya sauti atasikia kinubi, kama vile wapenzi wa benga wasikiavyo nyatiti katika gitaa la Kiluo.

Vyuo vyetu vilichelewa. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walipotoa hoja ya kuifuta Idara ya Kiingereza ya Nairobi na kuweka fasihi simulizi katikati ya masomo, Owuor-Anyumba alikuwa mtu wa nyimbo na ala, si wa vitabu tu. Waliofuata nyayo hizo walikusanya maneno. Tuna mikusanyo mizuri ya ngano, methali na nyimbo zilizoandikwa kwa beti. Kuhusu ala tuna vitabu vya Graham Hyslop na George Senoga-Zake, vinavyotueleza ngozi ni ya mnyama gani na nyuzi ni ngapi. Baina ya kitabu cha maneno na kitabu cha ala, mtu aliyeketi na kufanya vyote viwili kwa wakati mmoja alidondoka. Ndiyo maana mwanafunzi wa uzamili anayetaka kuandika tasnifu juu ya maisha ya mpiga kinubi wa Kericho huambiwa, mara nyingi kwa nia njema, kwamba hakuna data.

Katikati ya miaka ya 2010 rekodi za Kapkatet zilirudi. Ketebul Music ya Nairobi, chini ya Tabu Osusa, pamoja na makavazi ya Grahamstown chini ya Diane Thram, walizipeleka nakala kwa familia na vijiji vilikotoka, na mmoja wa waliorekodiwa mwaka 1950 alipatikana akiwa hai, mzee wa miaka themanini na kitu. Tendo hili linastahili heshima. Linazua pia maswali ambayo sheria ya hakimiliki haikuandikiwa: kinachorudi ni cha nani, cha mtu ambaye jina lake limo kwenye lebo, cha wasichana ambao hawakutajwa ila kwa wingi wao, au cha kokwet iliyoitunga mada? Warithi wa Rodgers wanajulikana na kampuni iliyomrekodi inajulikana. Upande wa Kapkatet mtu anarudi na diski mkononi na kuuliza njiani.

Kazi iliyobaki ni ya wale wanaoweza kuuliza kwa lugha ya wenyeji, na inafaa kufanywa kwa mpangilio ambao Shaaban Robert aliuona mapema alipomwendea Siti angali hai: kwanza baba ni nani, rika ni lipi, aliketi kokwet ipi, alipigia nani, alilipwa nini, kinubi chake kilichongwa na nani na kilikwenda kwa nani alipofariki. Maswali hayo yaulizwe Londiani vilevile, kwa watu ambao babu zao walikuwa maskwota katika mashamba yaliyozunguka stesheni, kwa kuwa Tracey alichagua Kapkatet na kimya cha mahali asikosimama hakina maana kwamba hapakuwa na muziki.

Nimelisikiliza toleo la tatu mara nyingi. Kinubi kinaanza peke yake, kifungu kifupi kinachozunguka, hakina haraka. Halafu sauti ya msichana inaingia juu yake, nyembamba na imara, na wenzake wanaitikia. Jina linatoka waziwazi: Chemirocha. Wote wanalirudia, kinubi kikiwa chini yao hakijakoma, na mkono unaokipiga haukosei hata mara moja.